Vifuko vya Leso Kuukuu

Batuli ametuma kopo kutoka baridini kwake,
kopo la maziwa ya mtoto, limejaa hadi shingoni
maua makavu, zambarau iliyochujuka,
na kikaratasi: Lavenda. Wekeni penye nguo, nondo hawaipendi.
Lini atarudi, hakuandika.
Nasi hatuulizi tena.

Nimekaa kiwandani, jua limeshuka ngazi ya tatu.
Nimeitoa leso ya mama, ile ya pindo jeusi,
iliyobeba watoto watano mgongoni
hata ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.
JIRANI HUKUNIUMBA PUNGUZA ULIMI.
Mkasi ukapita katikati ya jina,
na kila kifuko kikajipatia riziki yake:
kimoja JIRANI,
kimoja HUKUNI,
kimoja UMBA PU, ambacho watoto wamekicheka tangu asubuhi,
na hiki nitakachompa wifi yangu
kimeangukiwa na ULIMI.
Sikukusudia. Muulizeni mkasi.

Mama yuko mkekani, anatunga vikuba vya harusi ya Langoni:
asumini, rehani, vipande vya mkadi.
Vidole vyake havikosei.
Pua ndiyo iliyomtoka. Ile homa ya mwaka jana
ilipoondoka ilibeba harufu zote za nyumba,
udi, samli, mvua juu ya ukuta wa mawe,
utosi wa mjukuu.
Alilia mara moja tu,
siku wali wa Idi ulipoungua naye yu papo hapo jikoni,
mwiko mkononi.
Tangu hapo anauliza,
kama mtu aulizavyo habari za mji aliouhama.

"Na hii ya Batuli? Yanukia au yanuka?"
Nikaliinamia kopo.
Kama sabuni, nikasema.
"Sabuni gani?"
Kama karafuu iliyokwenda kuoga.
Akacheka, uzi ukamponyoka.
Kama sanduku la bibi, ukimtoa bibi.
Hapo hakucheka.
Nikanusa tena, nikatafuta.
Mama, ni kama mtu anayeelekea kulala
lakini bado anakujibu.
"Basi ni Batuli mwenyewe," akasema.
"Ukimwita usiku aliitika kutoka ndani ya ndoto.
Labeka, kisha kimya.
Asubuhi hakumbuki."

Kifuko cha kwanza nimekitia ndani ya kofia ya Lali,
kofia ya vito, miezi minne ya sindano.
Akanuna: nitaingia msikitini nikinukia kama nesi!
Kesho yake kaja kunong'ona,
nduguye wa dukani anataka kimoja.
Kingine kimo kwenye foronya ya mwanangu mdogo asiyelala.
Bado halali, lakini sasa hulalamika polepole.

Sabuni nayo nimeijaribu,
mafuta ya nazi, magadi, maua mkono mmoja,
nikaimimina kwenye pakiti za maziwa.
Ya kwanza ikawa uji.
Ya pili ingenoa kisu.
Ya tatu tunaoshea vyombo, na paka wa jirani
haji tena jikoni, sijui kwa heshima au kwa chuki.

Alasiri mama akaomba kopo.
Akachota vidole vitatu,
akavipenyeza katikati ya asumini, akafunga uzi.
"Kwangu mimi hizi zote ni majani tu," akasema,
"hakuna mgeni, hakuna mwenyeji."
Usiku huo, huko Langoni,
mtu atasimama nyuma ya bibi harusi
akijiuliza ni harufu gani ile,
na hakuna atakayemjibu.

Kimebaki kifuko kimoja.
Sikukitia lavenda.
Nimekijaza asumini alizozikausha mama darini,
nimekishona mara mbili ukingoni,
nacho kesho kinakwenda posta, baridini.
Ni kile chenye HUKUNI.
Neno atalimalizia mwenyewe.