Walinzi Wangu

Sindano ilifika na treni ya alfajiri
ndani ya deli la samaki, imelala juu ya barafu,
na Nyamizi akaipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea mtoto wa mtu.
Tulikuwa wagonjwa wawili, nyumba moja, Ng'ambo, Tabora,
tumbo moja, baridi yabisi moja:
vifundo vyake na vyangu vilivimba msimu uleule,
mwaka tumbaku ilipokosa bei.

"Dawa hii haikusagwa kama panadoli,"
alisema Daktari Mashimba.
"Imelelewa. Chembe hai zimeitunga,
protini kubwa, iliyokunjwakunjwa kama kanga sandukuni.
Ndiyo maana haitaki joto. Ndiyo maana bei yake..."
Hapo akatazama dirishani.
Bima ililipa nusu.
Nusu nyingine ilikuwa ng'ombe wa baba.

Mwezi wa tatu Nyamizi akafungua chupa ya asali
bila kuita mtu.
Mwezi wa nne akanisuka.
Vidole vyake vilipita kichwani mwangu, vyepesi,
nami Kalunde, fundi cherehani,
nilikaa mkekani nikihesabu vyangu:
kumi, vyote mawe.

Mimi ilinifaa wiki sita.
Kisha kila sindano ikawa inaacha pajani
wekundu wa ukubwa wa kisahani,
na maumivu yakarudi na mizigo yao yote.

Tuliishuku friji. Tukaushuku umeme,
tukamshuku kijana wa vifurushi pale stesheni.
Mama mkubwa akamshuku jirani
(sikumkatalia haraka kama nilivyopaswa).
Usiku mmoja Nyamizi akaninong'oneza gizani:
"Labda yangu ndiyo iliyokuwa yako."

Damu yangu ikasafiri, ikarudi karatasi.
Daktari akaisoma mara mbili, akavua miwani.
"Mwili wako umeijua dawa. Umeijua mno.
Umeiundia kingamwili;
inakamatwa njiani, haifiki kwenye kiungo."

"Na Nyamizi?"

"Mlichota kisima kimoja kwa ndoo mbili.
Katika vinasaba ulipewa herufi ambazo mwenzio hakupewa,
zile zinazowaonyesha askari wa mwili sura ya mgeni.
Wako wanamwona waziwazi. Wake wanampisha.
Si kila mwenye herufi hizo hupatwa na haya,
ila wewe ulikuwa karibu zaidi na mlango."

Baba, aliyetundika mizinga msitu wa Sikonge
tangu hatujazaliwa, akacheka, mara ya kwanza mwezi ule.
"Kumbe nyuki walinzi! Upo mzinga
unatia mkono, unatoa sega, unaondoka.
Na upo mwingine, mti uleule, maua yaleyale,
unakufukuza mpaka barabarani.
Malkia wao si mmoja."
Halafu akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.
"Sasa sijui ni mimi niliyekupa, au marehemu mama yako."
Hakuna aliyemjibu.

Nilitaka kuwachukia, walinzi wangu.
Ila nakumbuka surua ya utotoni:
Nyamizi alilala siku ishirini,
mimi siku ya tano niko uani naruka kamba.
Labda ni wao. Nilipouliza,
daktari aliinua mabega.

Sasa kuna sindano nyingine, ya umbo jingine,
na vidonge vya njano, mara moja kwa wiki,
vya kuwatuliza,
kama moshi wa magome kwenye tundu la mzinga.
Ni wiki ya pili. Haijulikani bado.
Usiku najigusa paja, nasikiliza.

Jioni Nyamizi husogeza kigoda karibu na cherehani.
Hasemi kitu. Hulamba ncha ya uzi,
huupitisha tunduni mara moja tu, bila kukosea
(na mimi, Mungu anisamehe, bado hilo linaniuma),
kisha hunisukumia kitambaa,
nami nakanyaga.
Miguu, angalau, ingali inanitii.