Kiti cha Nyuma ya Nguzo

Tiketi ya nyuma ya nguzo ni nusu bei.
Sirkka wa dirishani haniulizi tena,
huikata tu, akanipa chenji na habari:
"Boila imekufa leo. Usivue koti."

Nje mto Aura umeganda. Ndani pia, karibu.
Miaka kumi na mmoja nakaa hapa,
pua yangu na jiwe, jiwe na pua yangu.
Naijua nguzo hii kuliko nilivyomjua mume wangu wa kwanza:
ufa wake, masizi ya mishumaa ya watu waliokwisha kuzikwa,
herufi mbili alizochonga mtu kwa kisu
siku mahubiri yalipomshinda.
Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yana nguzo.
Kwa hiyo sauti ndiyo inayozunguka kunitafuta:
inapanda, inagonga matao,
inanishukia ikiwa imepoa kidogo,
kama chai iliyopitia mikono mingi.

Mpiga selo nilimuumba mwenyewe.
Mwanamke mrefu, mvi kichwa kizima,
aliyefiwa, na hasemi amefiwa na nani.
Nilimpa hata gauni. La kijani.

Alhamisi iliyopita Ensio Rautala wa ghorofa ya tatu
aliamka na homa, akanigongea mlango,
akanitia mkononi tiketi yake: safu ya pili, kiti cha saba.
"Nenda ukaone," akasema, akapiga chafya.

Nikaona.
Mpiga selo ni mwanamume mfupi mwenye upara,
plasta kidoleni, soksi moja ya buluu, ya pili nyeusi.
Akivuta upinde anatafuna.
Hana kitu kinywani, anatafuna tu,
kama mbuzi aliyekumbuka majani ya jana.
Nikacheka ndani ya skafu.
Nikafumba macho nimwite mwanamke wangu.
Hakuja.

Noti ya mwisho alipoiachia, mkono ulibaki hewani
na noti ikaendelea bila yeye,
moja, mbili, tatu, nne,
naye ameinua uso darini, kinywa kimetulia,
kama baba aliyebaki kituoni treni ikishapinda kona.
Tano. Sita.
Hakuna aliyethubutu kupiga makofi.

Leo nimerudi.
"Mbele hakukukupendeza?" Sirkka anauliza.
Namwambia mbele kuna baridi.
Ukweli ni kwamba mbele hakuna pa kuegemea.
Huku selo ikiteremka hadi chini kabisa
jiwe linaipokea, linanipa mgongoni,
mbavu zangu zinajua kabla ya masikio.

Mwanamke mrefu hajarudi, wala gauni lake.
Mahali pake kuna upara, kuna plasta,
kuna taya linalotafuna gizani upande wa pili wa jiwe.
Sijui kama namsamehe.
Naimenya peremende mapema, kabla hawajaanza,
karatasi yake isije ikasema.