Maganda ya Lozi

Kabla punda wa Abella hajalia
nashuka na reki yangu na ndoo isiyo na mkono
hadi pale bomba la kijiji linapofungua kinywa.
Nyumba arobaini na tatu. Bomba moja.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya Aguni naijua mimi na reki.

Vyuma tisa vimesimama kama meno,
na kila vinachokataa kumeza ni mzigo wangu:
nywele zenye hina, matambara,
vidonge vya presha ambavyo Lahusini
alimwapia mkewe kwamba amevimeza.
Siku moja, jino la dhahabu.
Nililiosha mara saba, nikampelekea mwenyewe bila neno,
naye tangu hapo huwahi kunisalimu.

Waliotujengea walisema maji machafu hayana haraka.
Kweli hayana.
Hutuama kwanza ndani ya tangi, gizani,
zito likishuka, jepesi likielea,
kama watu matangani siku ya tatu.
Kisha huingia kitandani, kitanda cha kokoto na matete,
na humo mizizini wamo wadudu nisiowaona
wanaokula tulichokwisha kula sisi.
Siku tano. Saba, milima ikivaa theluji.
Mwisho bwawa, na jua likimalizia kazi.

Mvua? Mwaka wa nne huu.
Chemchemi imekonda, imekuwa kamba ya kiatu.
Milozi ya matuta ya juu imekufa wima,
tunaikata, tunaiotea moto, tunanyamaza.
Ile ya chini, sitini na miwili,
tukaifungulia maji ya bwawa kwa mirija yenye matundu.
Mwezi wa pili ikachanua,
meupe, mengi, bila haya,
hata wapitao na gari barabarani wakasimama kupiga picha.

“Najisi,” akasema Yamna, akivuta ncha ya shela.
Kijana anayetusalisha akachota kwa kiganja.
Akatazama rangi. Akanusa.
Ilipofika zamu ya ladha, akasita,
watoto wakacheka, akamwaga.
“Nitarudi vitabuni,” akasema.
Bado yumo.

Lozi zikakomaa. Tukaitana uwanjani.
Mmoja: tuziuze mjini, nani atajua?
Ijja, ambaye haongei, akaongea:
“Usichokitaka kinywani mwako
unakipeleka kinywani mwa mtoto wa nani?”
Kimya. Mikono ikainuliwa:
zisiguswe, zianguke, zioze.

Usiku wa tatu matawi ya chini yakawa mepesi.
“Kindi,” akasema Lahusini.
Usiku wa sita, ya kati.
“Kindi,” akasema tena, akitazama kando.
Kindi wa mwaka huu, nikawaza, wana ngazi.

Ijumaa alfajiri, katikati ya meno ya chuma:
maganda.
Konzi moja. Jumamosi, nusu ndoo.
Jumapili yaliziba bomba kabisa,
nikaingia hadi magotini nikitukana kwa sauti ya chini.
Walikuwa wameyatupa chooni, wakavuta maji,
wakidhani kilichokwenda kimekwenda.
Konzi nyingine ilifungwa kitambaani, fundo juu ya fundo,
kipande cha shela ya samawati,
na shela ya samawati Aguni ni moja.

Sikumwambia mtu.
Niliyasuuza, nikayaanika juu ya paa siku tisa,
yakawa mepesi, yakalia kama njuga.
Yanawaka vizuri, maganda ya lozi, moto wake hauna moshi.

Jana Yamna alipita kunijulia hali ya mgongo.
Nikabandika birika.
Alikaa, akanyoosha miguu, akavuta pumzi.
“Moto wako unanukia,” akasema. “Kuni gani hizi?”
“Za huku chini,” nikasema.
Akatazama jiko. Akanitazama mimi.
Akanywa vikombe viwili vya chai,
cha tatu akaomba mwenyewe.