Kona Isiyochongwa

Mjomba Varazdat alichonga misalaba,
na kanisani hakukanyaga tena tangu Desemba ile
ardhi ya Gyumri ilipojikung'uta
kama mbwa aliyetoka majini.
Saa tano na dakika arobaini na moja, asubuhi.
Nazeli alikuwa ubaoni, akiandika hesabu.
Walimkuta na chaki.

Waombolezaji walikuja, makoti yao yamejaa vumbi
la nyumba zao wenyewe,
wakamwambia: kazi ya Mungu haina makosa.
Akawatazama.
Yangu ikiwa na kosa, akasema, nakatwa fedha.

Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka kumi na minne
nijifunze jiwe.
Jiwe la volkano, lenye matundu kama mkate;
ukilipiga kwa pupa linamegukia mkononi.
Alinifundisha kusuka ukili ndani yake:
utepe upite juu, upite chini,
anayetafuta mwisho wake arudi alikoanzia.
"Huu ndio umilele," nikasema, mtoto wa kujipendekeza.
"Huu ni ukili," akasema. "Shika patasi vizuri."

Jumapili alikwenda kuvuta sigara
ameupa mgongo ukuta wa kanisa.
Mji una kuta nyingi.
Yeye alitembea nusu saa kwenye theluji
ili aupe mgongo ukuta ule.

Mkewe, Siranush, alisali kwa niaba ya wote wawili.
Alisali akimenya viazi,
alisali kama mtu anayedai deni dukani:
kwa adabu, kila siku, haondoki.

Usiku mmoja wa pombe ya forosadi
mjomba aliniuliza, macho kwenye glasi:
"Kama hayupo,
miaka yote hii nimemnunia nani?"
Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu
vilivyosema hayupo,
kila kimoja kwa sababu iliyokanushwa na mwenzake.
Nikammiminia nyingine.

Kisha Kasisi Mkhitar akaagiza jiwe la uani,
la kuwakumbuka watoto wa shule.
Mjomba akachonga kwa majira mawili ya baridi:
mzabibu, komamanga zilizopasuka,
msalaba unaochipua majani miguuni,
na ukili, ukili, ukili, hadi ukingoni.
Ila chini, kushoto, aliacha pande
kama lilivyotoka machimboni,
ukubwa wa mkate, limetokeza nje.

"Hujamaliza," kasisi akasema.
"Nimemaliza."
"Hapa pana kosa."
"Hapo mwache yule asiyekosea aje amalizie."
Kasisi akanyamaza kitambo, akisugua ndevu.
Kisha akakata bei.
Mjomba akacheka (sikuwa nimewahi kumsikia)
akazihesabu noti mara mbili.

Amefariki Machi hii, barafu ikianza kulegea.
Leo nimekuja uani na patasi yake mfukoni.
Nilikuwa nimeamua, au nilidhani.
Nimepima, nimechora kwa chaki:
utepe ungepita hapa, juu, chini,
ungekutana na nduguye pale.
Kazi ya asubuhi moja, si zaidi.

Nimesikia miguu mibovu ya Siranush kwenye changarawe.
Hakuniuliza nafanya nini.
Jiwe zima limesimama wima, limesukwa kote,
hakuna hata pa kutua nzi,
isipokuwa pale.
Ameinama, ameusimika mshumaa juu ya kosa,
na ndipo nikaiona nta,
nta juu ya nta, ya miaka,
ya manjano kama meno ya wazee,
imemwagika mpaka kwenye nyasi.

Kama mjomba alijua, sijui.
Kama aliliacha pande lile kwa hasira
au kwa ajili ya mkono huu unaotetemeka,
sikumwuliza alipokuwa na kinywa.

Kiberiti kimezimika mara mbili.
"Simama huku," ameniambia, "unikingie upepo."
Nimesimama,
chaki mkononi.