Kifungo

"Usipige mapezi," Mwarami kaniambia,
"leo bamvua; maji yana safari yao."
Nikafunga mikono kifuani kama niko kwenye swala,
mtungi mgongoni,
na mwamba wa Fungu Yasini ukaanza kupita.

Pono wanatafuna mawe, nasikia meno yao.
Chewa mlangoni pa shimo ananitazama
kama karani asiyetaka kuhudumia.
Ng'amba hageuki hata shingo.

Halafu uwanja mweupe.
Kifusi cha baruti,
vidole vya matumbawe vimelala kifudifudi.
Nataka kusimama. Hapa
kaka yangu Pazi alitupa chupa
mwaka ule nilipolipiwa ada,
na mkono wake wa kulia haukurudi Kunduchi.

Nashika maji. Hayashikiki.
Mkondo umeshanivusha nusu ya uwanja.

Ukingoni, tumbawe moja changa,
la zambarau, saizi ya kifungo cha shati la shule,
likapita chini ya tumbo langu.

Nikapandisha boya.
Juu, boti ilikwishafika, injini inakohoa,
maghorofa ya Dar yamehamia upande mwingine.

"Umeona nini?"
Nikatema chumvi.
"Kifungo."