Tundu la Kipaza Sauti

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi.
Theluji imeyeyuka nusu, limebaki tope.
Vazha ametandika blanketi juu ya boneti:
medali, vijiko vya fedha, kamera tatu.

Nina lari mia sita, zinanukia unga,
miezi minne ya kubandika mikate
kwa shangazi Tsiuri.

Ya kwanza inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
"Hii inaona hata mawazo," Vazha anasema.
Kwa bei yake, ningeuza figo.

Ya pili kioo chake hakina hata alama,
ila nilipoijaribu ndani ya koti
picha ikajaa chenga, pumba kwenye ungo.
Na filamu yangu yote ni saa kumi alfajiri,
taa ni tanuri, basi.

Ya tatu imekwaruzika, mkanda umefungwa kwa waya,
betri inakufa kabla chai haijapoa.
Ndani ya koti niliona nyuzi za bitana.
Nikaigeuza ubavu:
tundu, la kuchomekea kipaza sauti.

Shangazi hapendi kupigwa picha, atageukia ukuta.
Lakini kinyunya kinapopiga tanuri, pwa!
naye akimtukana marehemu mumewe, kwa upole,
hilo ndilo ninalolitaka.

"Mia nne."
"Mia tano. Ilikuwa ya baba yangu."
"Ndiyo maana nasema mia nne."
Akacheka, tukaachana kwenye mia nne na thelathini.

Zilizobaki ni za betri. Mbili, ikiwezekana tatu:
chai ya shangazi hukawia kupoa.