Laha ya Arobaini na Moja

Kila laha ina kona yake, chini, kulia:
kisanduku cha mistari minene
ambacho hakisomwi na mtu mpaka kitu kianguke.
Mradi: ukarabati wa daraja. Mwenye mradi: Mji wa Kuwanose.
Kimechorwa na: K. Asanuma, ndiye mimi.
Kipimo, tarehe, toleo,
laha ya ngapi kati ya hamsini na nane.

Jumanne barua ilitoka ofisi ya mkoa.
Kuanzia Aprili mosi, Kuwanose haupo.
Si mafuriko, si moto; ni hesabu tu.
Watu elfu mbili na mia tatu, wengi wa umri
wa kutafuta miwani waliyoivaa.
Miji minne itaungana iitwe Midorino,
jina lililopitishwa na kamati
kwa kuwa halikumuudhi yeyote.
Tafadhali rekebisheni michoro.

Bwana Tokunaga aliyenifundisha kazi
angeshika wembe.
Angelikwangua jina kwenye karatasi ya kunakilia,
laha baada ya laha, akipuliza vumbi la wino,
na ukiiinua karatasi dirishani
ungeliona bado, jeupe, kama kovu la chanjo.

Mimi nina kisanduku kimoja.
Kimekaa ndani ya faili lake peke yake,
na laha zote zinakitazama
kama watu wa nyumba moja na saa ya ukutani:
ukisogeza mshale, wote wamechelewa.
Nilifuta herufi, nikaandika herufi,
nikabonyeza.
Mji ulichukua sekunde tatu.
Chai yangu haikuwa imepoa.

Nikachapisha zote, maana skrini huficha mengi.
Midorino, Midorino, nguzo, Midorino, nondo, Midorino,
na ya arobaini na moja:
Kuwanose.

Najua ni nani.
Shunpei, mwanagenzi wetu wa mwaka juzi,
jina la laha lilimzidi upana,
*Uhamishaji wa muda wa bomba la maji, upande wa juu wa mto*,
basi akakilipua kisanduku. Kulipua, ndivyo programu inavyosema.
Kikasambaratika kuwa mistari tu na herufi tu,
kila kimoja kivyake, hakina wa kumsikiliza.
Nilimkaripia mbele ya wageni.
Siku hizi yuko Osaka, anachora majiko ya watu.

Nilikwenda Kuwanose mara mbili, kupima.
Mara ya pili mvua ilinifungia kituoni,
mama wa duka la tambi akanipa mwavuli wake,
wa kijani, ubavu mmoja umepinda.
Utaurudisha ukija tena, alisema,
akaongeza kitunguu kwenye bakuli bila kuulizwa.

Michoro yenye majina mawili ni kesi mahakamani.
Nikaifungua laha ya arobaini na moja,
nikaandika Midorino kwa vidole vyangu,
herufi moja moja, kama mtu anayejaza fomu ya hospitali
kwa niaba ya mwingine.
Sikuunganisha upya kisanduku.
Ibaki hivyo, kiziwi.

Kisha nikarudi kwenye faili la mama yao wote,
kwenye jedwali la matoleo, juu kidogo ya jina,
pale ambapo sheria inataka kila badiliko liungame.
*Toleo C. Jina la mwenye mradi limebadilishwa. Awali: Mji wa Kuwanose.*
Urefu wa herufi, milimita moja na nukta nane.
Nikabonyeza.
Mara hamsini na saba,
na ya hamsini na nane kwa mkono.

Saa mbili usiku nilizima taa.
Mwavuli umesimama kwenye ndoo ya mlangoni,
mkavu tangu Novemba.
Nimeufunga kwa karatasi, nimeupiga gundi,
nimeshika kalamu ya wino mzito,
na ile sehemu ya anwani bado ni nyeupe.